Dhahabu Ina Masikio

Mpaka nilipoota ndevu, na baadhi ya ndevu hizo zikaanza kuota mvi, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba dhahabu ina masikio. Usicheke kwanza. Kwetu kila mtoto alilijua jambo hilo kama anavyojua kwamba ng'ombe ana pembe. Mtu akilia karibu na duara, yaani shimo la kuchimbia, mwamba wenye dhahabu unasikia, unachukia, unahama. Unafungasha huko huko chini ardhini kama mwanamke aliyegombana na mumewe, na kesho yake ukichimba unakuta mawe matupu. Tuliambiwa kwamba mjane mmoja alilia siku tatu mfululizo, mwamba ukatoka kilimani kwetu, ukapita chini ya miguu ya askari pale Sirari bila kuonyesha hata kitambulisho, ukaibukia Kenya. Ndiyo maana wenzetu wa kule wana hela, jirani yetu alisema. Mimi niliona hesabu imekamilika.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Nyamisangura, ninakoishi na kushona nguo za watu, nikarudi kijijini kumuuliza mzee mmoja swali moja tu. Dereva alikimbia hivi kwamba nadhani tulifika kabla hatujaondoka. Lakini njia nzima akili yangu ilikuwa nyuma kabisa, nina miaka tisa, miguu imejaa vumbi jeupe la mawe ya dhahabu, na bibi yangu bado mzima.

Rafiki yangu, ungeiona miaka ile! Kijiji chenye nyumba zisizofika hamsini kiliamka siku moja kikiwa na watu kama siafu. Walikuja Wasukuma, wakaja Wajaluo, wakaja wafanyabiashara wa Kiislamu kutoka mjini na vitenge na viatu vya plastiki, na wengine nadhani walitoka mwezini maana hakuna aliyejua lugha yao. Tangu alfajiri ulisikia nyundo tu, ko, ko, ko, wanawake wamekaa chini na miguu wameinyoosha, wanaponda mawe. Majogoo waliacha kuwika. Wawike ili wasikiwe na nani? Hewa ilinuka maandazi, moshi na baruti. Kazi yangu ilikuwa kuzuia mbuzi wetu wasinywe maji ya mabwawa ya kuoshea mchanga, na mbuzi wa Kikurya ukimkataza kitu ndiyo umemtuma.

Jioni tulikula ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, ule mweusi mzito ambao ukiudondosha unaiumiza sakafu. Aliusonga bibi. Bibi alikuwa mzaliwa wa Issenye, aliolewa huku upande wa Tarime akiwa msichana, na mpaka uzeeni Kikurya chake kilikuwa na harufu ya kwao. Alikuwa mfupi, mweusi, ana mikono ya kufungulia chupa bila kifaa. Lakini umaarufu wake haukuwa ugali. Umaarufu wake ulikuwa kulia.

Kwetu msiba bila kilio ni kama mahari bila ng'ombe. Wanawake huanza kulia tangu njiani, hata kabla boma la marehemu halijaonekana, na anayejua kulia hutumwa mbele. Bibi yangu ndiye aliyekuwa mbele. Alikuwa akifunga kanga kiunoni, anavuta pumzi, anaanza kumtaja marehemu: ng'ombe wake, mashamba yake, jinsi alivyotembea, hata alivyokoroma. Waliokuja kwa ajili ya kula tu walijikuta wanalia. Nakwambia, bibi akilia Issenye, watu wa Ikoma walianza kutafuta mashuka ya kwenda msibani. Walimfuata kwa baiskeli kutoka mbali, wakamrudisha na kuku wawili wamefungwa miguu. Akifika nyumbani alikuwa mwepesi, ana njaa, anacheka, kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. "Machozi ni maji ya watu wote," alikuwa akisema. "Ukiyafungia, yanaoza."

Baba mdogo, kitindamimba wake, alimtania kila siku. Huyu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mchimbaji, mwenye kofia nyekundu na mdomo usiochoka.

"Mama, siku nikifa mimi usiwatangazie watu kwamba nakoroma."

"Nitaanza na hilo hilo, mura. Halafu ndiyo niwataje hao ng'ombe usiokuwa nao."

Mura ndivyo tunavyomwita kijana. Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Duara lilititia Jumanne asubuhi. Wenzake walimtoa baba mdogo saa sita mchana, ameshakata roho, akiwa bado ana kofia. Alipoletwa nyumbani bibi alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Lakini mwenye duara, tajiri aliyemiliki shimo lile, alikuwa amewahi kufika, akamvuta baba nyuma ya zizi. Waliongea kidogo tu. Sikusikia hata neno; niliona baba anaangalia chini na mwenye duara anaongea kwa kidole. Baba alikuwa na sehemu yake katika shimo lile, mawe yakipanda naye anagawiwa. Akarudi ndani, akafunga mlango, akasema, "Hakuna kulia."

Mama akasema, "Unasema nini, baba watoto?"

"Nimesema hapa hakuna kulia."

Bibi alikuwa ameshavuta pumzi. Mdomo ulikuwa wazi. Baba akamfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, bila ukali, kama unavyofunika chungu kisimwagike. Nikaona ile pumzi yote inarudi ndani.

Alizikwa alasiri ileile, migombani, na aliyeuliza aliambiwa ni homa. Sisi watoto tulimuuliza jirani kule kwenye uzio, maana yeye ndiye aliyekuwa redio yetu. Alikuwa anaponda mawe, hakuacha hata kuponda. "Kwani hamjui? Dhahabu ina masikio. Mkilia, baba yenu atachimba udongo."

Basi tukanyamaza. Tulinyamaza vizuri kuliko familia yoyote katika mkoa wa Mara. Kungekuwa na kombe, tungelibeba sisi.

Bibi alianza na miguu. Alisema miguu inauma, kisha mgongo, kisha kichwa, kisha mahali ambapo hata hapana jina. Mganga wa zahanati alimpa dawa ya kuchua akasema ni uzee. Ajabu ni kwamba uzee wenyewe ulikuja ndani ya wiki tatu. Ugali akaanza kuusonga hauna umbo, kisha akaacha kuusonga, kisha akaacha kuula. Ukimwekea maziwa mgando kwenye kibuyu, ambayo zamani aliyanywa mpaka kibuyu kikaomba msamaha, anashika kibuyu tu. Kila nikiamka kwenda kwa mbuzi namkuta ameshakaa kitandani, anaangalia ukuta. Nikisema, "Shikamoo bibi," ananiangalia muda mrefu kabla ya kuitikia, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Siku moja alimwambia mama, "Mnanilisha bure. Mimi ni mzigo." Mama akacheka kwa kuogopa. Watu walisema mzee ameanza kurudi utotoni.

Baba yeye hakuumwa popote. Baba alikuwa mkali. Mtu ambaye zamani alikuwa akinibeba mgongoni kwenda kuangalia ng'ombe, sasa mlango ukilia anafoka. Aliacha kunyoa. Aliacha kwenda kanisani. Akienda kilabuni anarudi amebebwa, akikaa nyumbani anataka asikaribiwe. Asubuhi moja alipiga teke ndoo ya maziwa kwa sababu kifuniko kiliwekwa kinyume. Kisha akakaa chini hapo hapo, akawaangalia mbwa wakinywa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia habari kwamba kuna maziwa yamemwagika mahali fulani. Kijijini walisema dhahabu imempandisha kichwa.

Na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka mitano, alishikwa na tumbo. Kila asubuhi tumbo. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Watoto wote tulicheza mchezo wa kuchimba, na yeye ndiye aliyekuwa tajiri, anatugawia mawe na matusi. Akaacha. Alikaa karibu na bibi ameshika ncha ya kanga yake, na ukimwita kucheza anatikisa kichwa. Jirani akasema ni minyoo. Akapewa dawa ya minyoo mara nyingi sana, nadhani minyoo ya kata nzima ilikufa, lakini tumbo likabaki.

"Kila mtu humu ndani na ugonjwa wake," mama alisema akiwa anasuuza magodoro na kupika uji ambao hakuna aliyeutaka. "Wangetundika kibao nje, tuwe hospitali." Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka, maana ilikuwa lazima mmoja acheke. Hata mimi niliamini ni magonjwa matatu tofauti. Mmoja uzee, mmoja pombe, mmoja minyoo. Mtu mzima angeona nini zaidi?

Lakini nilijua kitu kimoja kuhusu bibi. Nilijua kwamba akilia anapata njaa. Nilimwona kwa macho yangu, misiba mingi. Kwa hiyo nikapata akili, na ilikuwa akili ya maana kuliko zote nilizopata darasa la tatu: nimpeleke bibi mahali ambapo dhahabu haisikii. Nilipima. Nilisimama kwenye duara nikamwambia rafiki yangu aende mbali akiita, na pale sauti yake ilipopotea, nikaongeza vilima viwili, kwa sababu dhahabu ni mjanja.

Nikamdanganya bibi kwamba kuna mgagani mzuri umeota bondeni, upande wa Mto Mara, twende tukachume. Mgagani aliupenda, mboga chungu ile ndiyo iliyomlea. Akachukua fimbo. Mdogo wangu naye akafuata, hakuachia ile ncha ya kanga. Tulitembea asubuhi nzima. Mimi nakwambia tulitembea kama wana wa Israeli. Kila baada ya hatua kumi bibi anakaa juu ya jiwe, anashika magoti, na mimi namwambia, "Bado kidogo, bibi, pale kwenye mti ule tu." Nyundo zikawa zinafifia nyuma yetu, ko, ko, mpaka zikawa kama moyo wa mtu mwingine, mpaka zikaisha. Bondeni hapakuwa na mgagani. Palikuwa na nyasi, upepo, na ng'ombe wa watu.

Nikasema, "Bibi, hapa haisikii."

"Nini haisikii?"

"Dhahabu. Nimepima. Unaweza kulia sasa."

Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, aliniangalia kweli, akaniona. Akaweka fimbo chini. Akafunga kanga kiunoni, akamnyang'anya mdogo wangu ile ncha kwa upole. Akasimama kwa miguu iliyoachana, kama alivyosimama mbele ya maboma ya watu wote, akavuta pumzi. Mimi nikaziba masikio, maana nilimjua.

Nikangoja. Nikazibua masikio.

Mdomo ulikuwa wazi. Ilitoka sauti ndogo kama bawaba ya mlango, kisha ikakatika. Akavuta tena. Akajaribu kumtaja. Nilimsikia anasema, "Alikuwa anakoroma," basi, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. Akafunga mdomo, akaketi kwenye nyasi.

"Yamekwisha, mura," akasema. "Yameozea ndani."

Nilimwambia ajaribu tena. Nilimwambia labda tuongeze kilima kimoja. Nikaanza kulia mimi, nikidhani nitamwashia kama unavyomwazima mtu kaa la moto, na mdogo wangu akanipiga ngumi mgongoni, akasema, "Nyamaza, utaihamisha!" Bibi akanyoosha mkono, akanifuta pua kwa kanga, na tukakaa hivyo mpaka jua likatuchoka. Kurudi, nilibeba fimbo yake, yeye akaniegemea mimi.

Alifariki kabla wimbi halijavunwa. Hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi. Alikuwa ameacha kula, na siku moja akawa ameacha na mengine yote. Wanawake wa Issenye walikuja wengi, wote aliowahi kuwalilia ndugu zao, na wakaanza kulia tangu mbali, kwa heshima yote. Baba akatoka mbio, hajanyoa, mikono ameitandaza. "Taratibu mama zangu. Taratibu, mwamba uko karibu." Walimwangalia wasielewe. Mmoja akamwuliza, "Mwanangu, huyu ni nani tunayemzika?" Lakini ndiye mwenye boma, wakashusha sauti, wakalia kwa kunong'ona kama watu wanaogawana siri. Mdogo wangu alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Na dhahabu? Haikufika mwaka. Sisi tulinyamaza kama mawe, na bado iliisha. Watu wakaondoka kama walivyokuja, maandazi yakaondoka, nyundo zikanyamaza, majogoo wakarudi kazini. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini jina la mdogo wake sikulisikia tena mdomoni mwake mpaka tukamzika naye. Mdogo wangu sasa ni mama wa watoto watatu, anafanya kazi ya kufua kwenye hoteli ya watalii kule Ikoma. Mtu akipaza sauti karibu naye, anashika tumbo.

Mimi nilirudi shule nikiwa mtu mzima, masomo ya jioni, tukikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa masikio. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na wajukuu karibu, au tuseme nikiwa na umri wa kuweza kuwa nao. Jioni moja mwalimu wetu wa somo la afya, mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, aliandika ubaoni neno moja: sonona. Akasema watu wanadhani ni ugonjwa wa anayelia. Akasema mara nyingi ni ugonjwa wa asiyeweza. Mzee atakwambia mwili unamuuma, ataacha chakula, atasema yeye ni mzigo, na nyie mtasema uzee. Mwanaume atakuwa mkali na chupa haitatoka mkononi, mtasema kiburi. Mtoto atashika tumbo, ataacha kucheza, atakojoa kitandani, mtampa dawa ya minyoo.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi kalamu ilikuwa imesimama. Darasa zima lilinizoea kwa vichekesho, kwa hiyo niliponyoosha mkono wakaanza kucheka kabla sijasema.

"Mwalimu," nikasema, "na kama walikatazwa kulia kwa sababu ya dhahabu kusikia?"

Walicheka sana. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Walikatazwa na nani?"

Swali hilo ndilo lililonipandisha bodaboda.

Kijiji kimenyamaza siku hizi. Maduara yamekuwa vidimbwi, vyura wanaimba mahali watu walipogombania mawe. Jirani hayupo, uzio wake haupo, migomba imeng'olewa na pale ni shamba la mahindi la mtu nisiyemjua. Nililizunguka nikishindwa kusema kaburi la baba mdogo liko mstari gani. Wanawake wa kulia nao wamekwisha, siku hizi msibani wanakodi spika. Hakuna wa kumwambia lolote. Ukikusanya yote niliyoyajua jioni ile darasani, ukayapeleka pale, hayamfai hata mtu mmoja.

Nilimkuta mwenye duara barazani kwake, mzee sana sasa, anamenya karanga kwenye ungo. Nilimwamkia shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la baba. Alinikumbuka upesi, akaniita mwanangu, akanisogezea kigoda na karanga. Tuliongea mvua. Tuliongea bei ya ng'ombe. Kisha nikamwuliza: ile Jumanne, kule nyuma ya zizi, alimwambia baba kwamba dhahabu itahama?

Aliacha kumenya.

"Dhahabu ni jiwe, mwanangu. Jiwe linasikia nini? Wakaguzi wa migodi walikuwa wamelala kijiji cha pili. Wangesikia kilio wangejua kuna mtu amefia shimoni, wangetufungia. Nilimwambia baba yako msilie mpaka Ijumaa. Ijumaa waliondoka."